MAJI, UCHAFU NA UBIA WA MIJI YETU
Somo la vikundi vya masomo matawini



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu huwaachia mainjinia na mawaziri: namna nchi jirani zinavyoungana kutafuta njia mpya za kuijenga miji, ili maji yapatikane na uchafu uondolewe bila kuliharibu ziwa wala ardhi. Ukisikia hivyo unaweza kufunua ukurasa uende kwenye habari za mishahara. Ngoja kwanza. Bei ya jerikani ya maji ni sehemu ya mshahara. Siku tatu ambazo mtoto wako analala na kuhara, nawe hukwenda kazini, nazo ni sehemu ya mshahara.

Katika mikutano ya wakubwa maneno mawili husikika mara kwa mara, nayo ni miundombinu na ubia. Tuyafungue kabla ya kuendelea. Miundombinu ni vile vitu ambavyo mji hauwezi kuishi bila kuwa navyo, lakini hakuna mtu awezaye kujijengea peke yake: barabara, mabomba ya maji, mitaro, nyaya za umeme, jalala la taka, mabomba ya kuchukua maji machafu. Ubia ni neno la zamani la biashara. Watu wawili hutia mali zao katika chombo kimoja. Chombo kikirudi na faida wanagawana faida, na kikizama wanagawana hasara. Asiyegawana hasara si mbia, huyo ni mchuuzi tu aliyekuja kuuza kitu. Shikeni maana hiyo, maana ndiyo kipimo tutakachotumia katika somo hili lote.

Mfereji wa Nakivubo

Tuanze nyumbani. Mvua ikinyesha Kampala, maji ya vilima vya katikati ya mji, kama Nakasero, Old Kampala na Kibuli, hushuka mpaka mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo hupita karibu na soko la Owino, huingia eneo la viwanda, hukusanya yote yanayomwagwa humo, hupita Bugolobi, kisha huingia katika kinamasi kati ya Bugolobi na Luzira. Kutoka kinamasini maji huingia ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Na kilomita chache tu kutoka hapo, kwenye ghuba hiyo hiyo, ndipo ilipo mitambo ya Ggaba inayovuta maji, kuyasafisha na kuyarudisha mjini tuyanywe.

Maana yake ni kwamba mji huu unakunywa kutoka katika bakuli lile lile unalonawia miguu.

Chini ya mtu mmoja kati ya kumi hapa Kampala amefungiwa mabomba ya maji machafu. Sisi wengine tunatumia vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi. Mitaa ya mabondeni, ambako wafanyakazi wengi wa viwandani hupanga vyumba, maji ya ardhini yako karibu sana, na shimo likijaa mvua hulitapisha lenyewe ndani ya mtaro.

Kwa miaka mingi kinamasi ndicho kilichotuokoa. Mafunjo yana mizizi minene inayoelea kama mkeka, na maji machafu yakipita humo taratibu, matope hubaki, na mimea hunywa ile mbolea iliyomo. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kazi inayofanywa na kinamasi cha Nakivubo kuwa na thamani ya hadi dola za Marekani milioni 1.75 kwa mwaka. Waliipata hesabu hiyo kwa kuuliza ingegharimu kiasi gani kujenga mitambo ya kufanya kazi hiyo hiyo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu ya namna hiyo naielewa vizuri kuliko hotuba nyingi: hapa yupo mfanyakazi asiyelipwa, anayefanya kazi usiku na mchana, wala hana chama. Naye alitendewa kama wanavyotendewa wasio na chama. Mafunjo yalifyekwa kupanda magimbi na miwa, na sehemu nyingine zikajazwa kifusi kujenga maghala. Watafiti wa Makerere wameonyesha kwamba mafunjo husafisha vizuri kuliko mimea mingine ya kinamasi, lakini mwenye njaa hapandi mafunjo.

Matokeo yalionekana Ggaba. Maji ya ghuba yaligeuka kijani kwa mwani, na dawa za kuyasafisha zikaongezeka gharama. Shirika la Maji la Taifa, NWSC, lilikuwa limejenga Ggaba ya pili mwaka 1992 na ya tatu mwaka 2007. Safari iliyofuata likaenda mbali zaidi, Katosi katika Mukono, ambako ziwa ni safi zaidi, likajenga mtambo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Fedha nyingi zilikuwa mikopo ya Ulaya, ya Ufaransa na Ujerumani na ya benki ya uwekezaji ya Umoja wa Ulaya. Mkopo wa maji hulipwa kwa maji, yaani kwa bei ya bomba. Kwa hiyo kila mwenye jerikani mkononi ni mlipaji wa mkopo huo, ingawa hakuna aliyemwita kutia saini.

Huko Bugolobi, mahali pa mitambo mikuukuu ya enzi za ukoloni, umejengwa mtambo mpya wa maji machafu wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Ujerumani. Gesi inayotoka katika matope yake inatumika kuzalisha umeme. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini mtambo husafisha yale tu yanayoufikia, na tope la choo chako cha shimo haliufikii kwa kutembea lenyewe.

Viwanda vitatu, nchi tatu

Sasa tutazame ubia wenyewe. Mwaka 2010 ulianzishwa Nairobi mpango uitwao Bio-Innovate, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Sweden, kuwaunganisha watafiti na wenye viwanda wa Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Moja ya kazi zake ilihusu maji machafu ya viwanda. Walichagua mahali patatu: kiwanda cha ngozi cha Modjo huko Ethiopia, kiwanda cha Banana Investments cha Arusha kinachotengeneza pombe ya ndizi, na hapa kwetu Machinjio ya Jiji, kwenye barabara ya Port Bell.

Kila aliyepita barabara hiyo anaijua harufu ya zamani. Ng'ombe mmoja akichinjwa huacha damu, samadi ya tumboni, mafuta na maji mengi ya kuoshea. Yote hayo yalikwenda mferejini, na mfereji mnajua unakokwenda. Lakini uchafu wa namna hiyo una nguvu ndani yake. Watafiti wa Makerere walijenga matangi yaliyofungwa hewa isiingie. Katika tangi la kwanza vijidudu huvunja damu na samadi na kuvigeuza kuwa maji yenye ukali kama siki. Katika tangi la pili vijidudu vingine hula ukali huo na kutoa gesi inayowaka. Vijidudu vya kwanza na vya pili havipendi hali moja, ndiyo sababu havikai chumba kimoja. Gesi ilipelekwa kwenye jenereta, na umeme wake ukawasha taa na majokofu ya nyama. Maji yaliyobaki hupitishwa katika bustani ya matete iliyotengenezwa kwa mikono, kinamasi kidogo cha kuundwa, kabla ya kuachiwa.

Faida ya ubia inaonekana hapo. Ngozi, ndizi na nyama si kitu kimoja, na wala uchafu wake si mmoja. Maji ya kiwanda cha ngozi yana chumvi na kemikali zinazoweza kuua vijidudu, ya ndizi yana sukari, ya machinjio yana damu na mafuta. Nchi moja ikijaribu peke yake hujifunza jambo moja. Tatu zikijaribu pamoja na kuonyeshana daftari, kila moja hujifunza matatu kwa gharama ya moja. Na daftari limo Nairobi, Arusha na Kampala, halikubaki katika kampuni ya ng'ambo inayouza mtambo na kuficha maarifa.

Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na maswali yetu ni mengine. Nani ataendesha tangi hilo? Mara nyingi kazi mpya huletewa kijana mwenye cheti, na mtu aliyevaa gambuti miaka ishirini mahali hapo hubaki na fagio. Hakuna sababu iwe hivyo. Kulisha tangi, kupima ukali, kusikiliza pampu, ni kazi ambayo mtu makini hufundishwa kwa wiki chache. Chama kidai mafunzo hayo kabla mtambo haujafika, maana ukishafika nafasi huwa zimekwisha gawanywa.

La pili ni uhai wenyewe, na hapa naomba kila mjumbe wa tawi asome pole pole. Ndani ya tangi la gesi, tangi la choo, au shimo lolote lenye uchafu unaooza, mna gesi mbili za kuogopwa. Ya kwanza huwaka, na cheche ya sigara hutosha. Ya pili hunuka kama yai bovu. Watu hudhani kwamba harufu ikiisha hatari imekwisha, kumbe ni kinyume: gesi hiyo ikizidi hulaza pua, mtu hasikii kitu, kisha huanguka. Mwenzake anayemwona ameanguka huingia kumwokoa, naye huanguka juu yake. Ndiyo maana ajali za namna hii huua watu wawili au watatu kwa mara moja. Mtu asiingie ndani bila hewa kupulizwa, bila kipimo cha gesi, bila mkanda na kamba, na bila mtu wa nje aliyeshika kamba hiyo asiyeruhusiwa kuingia kwa sababu yoyote. Msimamizi akisema hakuna kamba, basi hakuna kazi.

Pampu iliyotoka Dar es Salaam

Si kila uvumbuzi una maabara. Dar es Salaam kuna watu waitwao vyura. Hao huingia ndani ya choo kilichojaa, usiku, na ndoo na sepetu, wakakitapisha kwa mikono na kulifukia tope kando. Kati ya 1988 na 1992 ilijaribiwa huko pampu ya mkono pamoja na tangi dogo la kukokota, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Waholanzi. Ilipita vichochoro ambavyo lori haliwezi. Lakini haikudumu. Kipuri kimoja muhimu kilikuwa kikitoka Kenya, na malipo ya kutapisha hayakutosha kulipia matengenezo na usafiri. Tazameni jinsi kazi nzuri ya miaka ilivyoweza kukwamishwa na kipuri kimoja nyuma ya mpaka.

Mwaka 2007 au karibu na hapo ikaja pampu nyingine, iitwayo gulper, iliyobuniwa na mtaalamu wa Kiingereza, Steven Sugden, ikajaribiwa pia Dar es Salaam. Hii ni bomba la plastiki lenye fimbo ndani na vilango viwili. Ukivuta mpini juu tope hupanda, ukishusha kilango hujifunga lisirudi. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuitengeneza, na hakuna kipuri cha kungojea mpakani. Ndiyo maana ilisafiri. Ilifika Kampala, ambako vijana waliifanyia marekebisho, wakaipakia kwenye gari dogo pamoja na mapipa, wakaanza kuhudumia mitaa ambayo lori la kunyonya halifiki. Tope hupelekwa kwenye mtambo wa Lubigi, barabara ya kwenda Hoima, uliofunguliwa mwaka 2014 na kujengwa kwa makusudi kupokea tope la vyoo vya shimo pamoja na maji ya mabomba.

Kazi hii bado ni ngumu. Mashimo yetu yana matambara, chupa, viatu, hata vyombo vya jikoni, na yote hayo sharti yavuliwe kwanza kwa ndoano ndipo pampu ifanye kazi. Lakini yule aliyekuwa anaingia shimoni usiku kwa aibu, leo anasimama juu ya ardhi mchana, ana glavu, ana risiti. Watapishaji wa Kampala wameunda chama chao. Nawaambia wazi makatibu wa matawi: hao ni wafanyakazi wenzetu. Kama hatuwakaribishi kwa sababu ya harufu, basi tusiseme tena neno umoja.

Ziwa ni moja

Kwa nini nchi zifungamane katika jambo hili, kila mmoja asisafishe kwake? Kwa sababu ziwa halina ukuta. Tanzania ina karibu nusu ya Ziwa Victoria, Uganda zaidi ya asilimia 40, Kenya asilimia 6. Rwanda na Burundi hazigusi ufuko, lakini maji yao hufika kwa mto Kagera. Gugu maji lilipofunika bandari za Port Bell, Kisumu na Mwanza katika miaka ya 1990, halikuonyesha pasipoti. Lilipunguzwa kwa kuletewa wadudu wanaolila, na hapakuwa na faida nchi moja kuweka wadudu na jirani akae kimya. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya Jinja, na wavuvi na mabandari ya nchi zote tatu wakabaki kwenye matope. Mwezi Mei 2020 likapanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na vyoo vya ufukweni vikazama ziwani katika nchi zote tatu.

Uganda, Kenya na Tanzania zilitia saini mapatano ya mazingira ya ziwa mwezi Agosti 1994, kabla hata Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafufuliwa. Jumuiya ilirudi kwa mkataba wa Arusha wa 30 Novemba 1999, na mwaka 2003 ikaongezwa itifaki ya bonde la Ziwa Victoria, iliyozaa Kamisheni yenye makao yake Kisumu. Kisha ukaja mpango wa maji na usafi kwa miji midogo. Awamu ya kwanza, pamoja na UN-Habitat, iligusa miji kama Kisii na Homa Bay, Bukoba na Muleba, Masaka na Kyotera, na Mutukula pale mpakani. Awamu ya pili, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilichukua miji mitatu kila nchi katika nchi tano, jumla 15. Kwetu ilikuwa Ntungamo, Mayuge, na ile ya Buwama, Kayabwe na Bukakata iliyohesabiwa kama mmoja.

Ndugu wa mashamba ya miwa wanaijua Mayuge. Kuna jambo moja la mpango ule ambalo si watu wengi walilitilia maanani. Katika miji ya awamu ya kwanza liliundwa baraza la wadau la kusema bomba lipite wapi na choo cha umma kijengwe wapi. Baraza la namna hiyo ndiyo nafasi ya chama. Mashamba na viwanda ndivyo vinavyotumia maji mengi na kumwaga mengi, na watu wanaolala kwenye kambi zake ni maelfu. Asipokuwepo anayewasemea, bomba litafuata nyumba za wakubwa.

Miji ya ziwa pia hufundishana. Mwanza ina vilima vya mawe, bomba kubwa la maji machafu halichimbiki. Wametumia mabomba membamba yanayopita baina ya nyumba na nyumba, njia iliyoanza kaskazini mashariki ya Brazil miaka ya 1980. Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, shirika la maji huuza maji kwa jumla kwa vikundi vya wenyeji, navyo huyasambaza nyumba kwa nyumba na kukusanya fedha. Hapa Kampala yamejaribiwa mabomba ya umma ya kulipia kabla, unachopeka kidude unapata maji kwa bei ya shirika bila mtu wa kati kupandisha. Hilo la mwisho nalipenda nusu. Bei imeshuka, kweli, lakini mama aliyekuwa akiuza pale bombani alipoteza riziki, na mashine ikiharibika hakuna wa kumlalamikia aliyesimama mbele yako.

Hasara iliangukia nani

Turudi kwenye kipimo chetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ilipovunjika, reli, bandari, posta na ndege ziligawanywa. Wakuu walipata vyeo vipya nchini kwao. Wafanyakazi wa Jumuiya huko Tanzania walikuwa bado wanadai mafao yao mahakamani katika miaka ya 2000, wazee wenye fimbo, wengine wakifa kabla ya kulipwa. Ule ulikuwa ubia ambao hasara yake iliteremshwa ngazi kwa ngazi mpaka ikamkuta mfagia karakana.

Katika maji tuna funzo jingine. Kati ya 1997 na 2004 usimamizi wa maji ya Kampala ulikodishwa kwanza kwa kampuni ya Gauff ya Ujerumani, kisha kwa Ondeo ya Ufaransa. Dar es Salaam mwaka 2003 ilikabidhiwa City Water, iliyokuwa ya Biwater ya Uingereza, Gauff hao hao, na wenyeji. Mwezi Mei 2005 serikali ya Tanzania iliuvunja mkataba ule, kesi ikaenda mpaka mabaraza ya kimataifa, na likaundwa shirika la umma, DAWASCO. Na nani alikwenda kulisaidia? Wataalamu wa NWSC kutoka Kampala. Shirika la umma la nchi jirani, lenye mabomba yale yale yanayovuja na wateja wale wale wasiolipa, lilijua shida kuliko mgeni. Huo ndio ubia ninaouita wa kweli.

Hata hivyo tusisifu nusu. NWSC yenyewe iliinuka baada ya 1998, na moja ya vipimo vya kuinuka kwake ni kwamba wafanyakazi 36 kwa kila wateja 1,000 walipungua hadi karibu 7. Sehemu ya hesabu hiyo ni wateja kuongezeka, jambo jema. Sehemu nyingine ni watu waliorudishwa nyumbani. Vitabu vya kusifu shirika huitaja namba hiyo kama ushindi. Chama husoma namba hiyo hiyo na kuuliza wale watu walikwenda wapi, na kazi yao leo inafanywa na nani kwa kibarua.

Na mwaka juzi juzi, tarehe 10 Agosti 2024, lilitukuta la Kiteezi. Jalala lile lilifunguliwa 1996 na lilikuwa limejaa miaka mingi kabla. Mlima wa taka uliporomoka alfajiri ukafukia nyumba, na zaidi ya watu 30 wakafa. Waliokufa walikuwa majirani wa jalala na waokota chupa, watu ambao kila siku walipunguza taka za jiji bila mshahara. Wakubwa wa halmashauri ya jiji waliachishwa kazi mwezi uliofuata. Mipango ya kugeuza taka kuwa gesi na mbolea ilikuwa ikizungumzwa mikutanoni wakati mlima unaendelea kupanda.

Kazi ya tawi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kunywa na vyoo vya kutosha, na inazungumzia kamati za usalama mahali pa kazi. Hayo yamo tayari, hatuombi zawadi. Lakini mapatano ya pamoja mengi niliyoyasoma yana ukurasa mzima wa saa za ziada na nusu mstari juu ya maji. Katika kambi moja ya shamba la miwa niliyoitembelea, familia zilikuwa zikichangia choo kimoja ambacho mlango wake ulikuwa gunia, na mapatano yao yalisema tu kwamba mwajiri "atatunza usafi". Maneno ya namna hiyo hayashiki mtu. Andikeni idadi: vyoo vingapi kwa familia ngapi, bomba umbali wa mita ngapi, shimo litapishwe kila baada ya miezi mingapi na kwa gharama ya nani.

Mwajiri anapoambiwa asafishe maji machafu yake, jibu lake la kwanza ni kwamba atafunga kiwanda. Msitishike upesi, wala msibeze, kwani kuna viwanda vidogo ambavyo kweli havina uwezo peke yake. Mwambieni habari za machinjio, za Arusha na za Modjo. Mwulizeni dizeli ya jenereta inamgharimu kiasi gani kwa mwezi, na kama uchafu wake una nguvu anayoimwaga bure. Na kama viwanda vidogo vimekaa pamoja, vinaweza kutumia mtambo mmoja kwa ubia, na safari hii hasara igawanywe sawa.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, EATUC, lina makao yake Arusha. Kupitia huko tunaweza kuwauliza wenzetu wa Mwanza na Kisumu mambo ambayo mwajiri hatatuambia. Barua za matawi zipitie kwa katibu mkuu, ziandikwe kwa lugha yoyote mnayoiweza.

Kwa mkutano wa masomo ujao kila kikundi kijadili haya. Maji ya kiwanda au kambi yenu yanatoka wapi, na mnanunua jerikani kwa kiasi gani siku bomba likikauka? Maji machafu yakitoka ukutani yanaelekea mfereji gani? Fuateni kwa miguu mpaka mwisho wake, msikubali kuambiwa. Je, kamati ya usalama ipo, au ipo kwenye karatasi tu, na ina kamba na kipimo cha gesi? Na tangi la choo lenu hutapishwa na nani, analipwa kiasi gani, na tope hulipeleka wapi?